Ufungo Dhahiri, Ufungo Sitirifu: Kuzisoma Royal Oak na Nautilus

Skrubu nane zinazoonekana usoni mwa saa ya Royal Oak hazizunguki. Zimepangwa juu ya ukingo wa kioo, zimechongwa kwa dhahabu nyeupe, na kila moja ina kichwa cha pembe sita chenye mfuo katikati unaoialika ncha ya bisibisi. Lakini bisibisi ikitiwa humo haitapata kazi, kwa kuwa kila kichwa kimekaa ndani ya shimo la pembe sita lililokatwa kwa kipimo chake hasa, na shimo hilo halikipi nafasi ya kugeuka hata kwa upana wa unywele. Fundi anayeijua saa hii huipindua kwanza, maana kinachofunguka kiko mgongoni: nati nane ndogo zinazoshika mikia ya bolti zilizopenya kasha zima kutoka mbele hadi nyuma. Mfuo wa mbele, basi, ni pambo tupu. Na kwa kuwa hauna wajibu wa kufungua, mchoraji amepata uhuru ambao skrubu ya kweli isingempa. Mifuo yote minane imelazwa kuufuata mzunguko wa ukingo, kila mmoja ukimwelekea jirani yake, kama watu walioshikana mikono kwenye duara la ngoma. Skrubu inayokazwa kwa nguvu ya mkono husimama popote ukazo unapoishia, wala hakuna fundi wa kuzikaza nane zikasimama zote kwa utaratibu mmoja. Utaratibu huo ndio unaomnong'oneza mtazamaji mwenye subira kwamba ameingia katika utungo, na kwamba utungo huu una kanuni zake.

Mazungumzo kuhusu hadhi ya saa za kifahari aghalabu huanzia nje ya saa: bei, foleni ya wanunuzi, mkono wa nani ulioonekana nayo. Sina ugomvi na mambo hayo, ila yanaieleza hadhi kana kwamba ilipakwa juu ya saa baada ya saa kukamilika. Dai langu ni kwamba hadhi za nyumba mbili zinazotajwa pamoja kila mara, Audemars Piguet ya Le Brassus na Patek Philippe ya Geneva, zinasomeka katika fani ya saa zenyewe, na hasa katika swali moja la kifundi ambalo kila mtengeneza saa hulazimika kulijibu: kasha lifungwe vipi, na huo ufungaji uonekane au usionekane? Naomba niite jibu la kwanza ufungo dhahiri na jibu la pili ufungo sitirifu, na nizifuate istilahi hizi mbili hadi pale zitakapoanza kubadilishana nafasi.

Ushindani huu ni wa aina yake, kwa sababu tungo zote mbili ni za mkono mmoja. Gérald Genta, mzaliwa wa Geneva, aliichorea Audemars Piguet saa ya Royal Oak iliyotolewa kwenye maonyesho ya Basel mwaka 1972, kisha akaichorea Patek Philippe saa ya Nautilus iliyotoka mwaka 1976. Sisi tuliolelewa na ngoma za kushindana, na tarabu za vikundi viwili vya mji mmoja, hali hii hatuioni ngeni: malenga ameutungia upande huu, na kesho upande ule unamjia kutaka jibu, naye analitunga akijua barabara wapi utungo wake wa kwanza ulikuwa na nguvu na wapi uliacha mwanya. Nautilus naisoma hivyo, kama jibu.

Bahari ya ushairi nayo ni moja. Ndani ya saa zote mbili, katika matoleo yake ya kwanza, mna mashine iliyotokana na msingi mmoja, kaliba 920 ya Jaeger-LeCoultre, inayojitia ufunguo kwa mwendo wa mkono, ambayo wenyewe walioibuni hawakuitumia katika saa zao. Audemars Piguet waliipa namba 2121, Patek Philippe wakaiita 28-255 C, na Vacheron Constantin nao wakaichukua kwa ajili ya saa yao ya 222 ya mwaka 1977, iliyochorwa na Jörg Hysek. Hiyo 222 ni saa nzuri, lakini naiacha kando, kwani iliingia uwanjani wakati hoja kuu mbili zimekwisha kusemwa. Hata uso wa buluu wa Royal Oak ulitoka katika karakana ya Stern Frères, na ni ndugu hao wa ukoo wa Stern waliokuwa wameinunua Patek Philippe mwaka 1932. Anayeitafuta tofauti ya hadhi katika mali ghafi ya saa hizi atakuta wapinzani wamechota maji katika kisima kimoja.

Kilichouwezesha ukubwa ni wembamba. Mashine ya Royal Oak, pamoja na gurudumu la tarehe, ina unene wa milimita 3.05 tu, na ndiyo maana saa yenye upana wa milimita 39, uliohesabika mkubwa mno mwaka 1972, iliweza kulala mkononi ikiwa na kimo cha milimita 7 hivi. Upana huo juu ya kimo hicho ndio mizani ya utungo. Mtu akiuongeza unene bila kuugusa upana, jambo ambalo matoleo mengi ya baadaye yamelifanya, anapata saa yenye maneno yale yale iliyopoteza wimbo wake.

Turudi kwenye maada. Kwa kawaida ya zama zile, saa ya hadhi ilisema hadhi yake kwa dhahabu, na saa ya chuma ilikuwa ya kazi. Siku ya tarehe 25 Desemba 1969 Seiko walikuwa wameanza kuuza Tokyo saa ya mkono ya kwanza ya kwatzi, na mafundi wa Uswisi walikuwa wakikabiliwa na swali zito: ikiwa usahihi wa kuhesabu muda utapatikana kwa bei ndogo, fundi wa saa ya magurudumu atabaki akiuza nini? Royal Oak ilijibu kwa kuwa ya chuma na kugharimu zaidi ya faranga 3,000 za Uswisi, bei iliyozizidi saa nyingi za dhahabu. Wengi huisimulia habari hii kama ujasiri wa kibiashara, nami sikatai, lakini kwa mhakiki lililo muhimu ni kwamba bei hiyo ilihitaji kuthibitishwa na umbo. Chuma hakikuwa na thamani yake mwenyewe ya kukopesha. Kila senti ilibidi ionekane katika kazi ya mkono.

Kazi hiyo inasomeka pale nyuso mbili za chuma zinapokutana. Uso wa juu wa ukingo umepigwa msasa wa mistari myembamba iliyonyooka, ukawa na rangi ya majivu iliyotulia. Mshazari unaoteremka pembeni mwake umesuguliwa hadi ukang'aa kama kioo. Kati ya uso uliotulia na mshazari unaong'aa hamna eneo la mpito: mpaka ni mstari mmoja mkali, na mstari huo unaizunguka pembenane yote bila kutetereka. Ung'arishaji ni adui wa asili wa makali, kwa kuwa kila kusugua hula pembe, hivyo kupata mng'ao kamili kando ya ukali kamili ni sawa na kutunga ubeti ambao kina kinakaza na maana hailegei. Chuma kilikuwa kigumu mno kwa zana za wakati huo kiasi kwamba vielelezo vya kwanza vya saa hii vilitengenezwa kwa dhahabu nyeupe, iliyokuwa rahisi zaidi kuchongeka. Tulishike jambo hilo, tutalihitaji tena.

Umbo lenyewe limejengwa kwa tabaka. Kioo ni duara. Duara limewekwa ndani ya pembenane. Pembenane imelazwa juu ya kasha lililotanuka mbavuni kama pipa. Na kasha, badala ya kuishia kwenye vishikio ambapo mkanda ungening'inizwa, linaendelea moja kwa moja kuwa mkanda, kama mshororo mishata usiojitosheleza na kudai mwenzake. Mkanda huo wa Gay Frères ndio sehemu ninayoistahi kuliko zote, na ndiyo isiyosifiwa ipasavyo. Pingili zake hupungua upana hatua kwa hatua kadiri zinavyokwenda mbali na kasha, kwa hiyo pingili ya pili si nakala ya ya kwanza wala ya tatu si nakala ya ya pili. Kilichoonekana kuwa kibwagizo kinachorudiwa ni mfululizo wa mishororo inayofupishwa taratibu mpaka kwenye kifungo. Jicho halihesabu upungufu huo, lakini mkono unauhisi.

Genta alieleza kwamba chanzo cha ukingo huo ni kofia ya mpiga mbizi aliyoiona Geneva utotoni, ile ya shaba yenye kioo kilichokazwa kwa bolti. Chanzo hicho kinaeleza pia gasketi nyeusi inayochungulia kati ya ukingo na kasha: mpira wa kuzuia maji, ambao saa nyingine zote za hadhi ziliuficha, hapa umeachwa uonekane kama wanja chini ya jicho. Msomaji wa pwani, hata hivyo, ana mfano ulio karibu zaidi. Milango ya Unguja na Lamu imejaa misumari mikubwa ya shaba iliyopangwa kwa safu, na masanduku ya njumu yana vichwa vya misumari vilivyochora maua na nyota. Hakuna anayeutazama mlango huo akahesabu nguvu ya misumari. Kifungio kimevuka mpaka, kimeacha kuwa mtumishi wa ubao, kimekuwa usemi wa mwenye nyumba. Bolti za Royal Oak ziko katikati ya mvuko huo. Mwili wao bado unafanya kazi, kwa kuwa unakaza ukingo, gasketi na mgongo kuwa kitu kimoja, ilhali vichwa vyao vimekwisha kuwa njumu.

Uso wa saa hauna namba. Una vijiti vya dhahabu nyeupe, viwili sambamba juu kabisa, akrabu mbili, dirisha la tarehe, na chini yake mfumo wa vijiraba vidogo vilivyochongwa kwa mashine, ambavyo buluu yake hugeuka kijivu au nyeusi kadiri mkono unavyopinduka. Hapa msomaji wa Kiswahili ana faida ambayo mchoraji hakumkusudia. Wengi wetu tulifundishwa kuisoma saa kwa kupingana na namba zake: akrabu fupi ikielekea kwenye 7, tunasema saa moja, kwa hiyo tulizoea kutazama mkia badala ya kichwa, upande wa pili wa duara, ndipo tuipate saa yetu. Uso wenye namba unatulazimisha kufasiri kila mara. Uso usio na namba hautupingi. Vijiti vyake havijaamua bado siku inaanzia wapi. Tena katika Royal Oak ya kwanza herufi A na P zilibandikwa chini, karibu na kijiti ambacho wengine wanakisoma sita, nasi tunakisoma kumi na mbili. Akrabu fupi ikizifikia herufi hizo jioni, kwetu ni magharibi, siku moja inafungwa na nyingine inafunguka. Sitaki kulifanya hili kuwa zaidi ya lilivyo. Lakini utungo mzuri hujulikana pia kwa masomo unayoyapokea bila kuvunjika, na huu unalipokea letu.

Jambo jingine kuhusu uso huo ni kile usichokisema. Hauna akrabu ya sekunde. Saa iliyozaliwa wakati kwatzi inajivunia sekunde yake inayoruka kwa usahihi, yenyewe iliamua kunyamaza kuhusu sekunde, na Nautilus ya kwanza ilinyamaza vivyo hivyo. Ukimya huo unazipa zote mbili utulivu ambao matoleo ya baadaye ya Nautilus yaliuvunja: ile iliyotolewa mwaka 2006, namba 5711, iliongeza sekunde katikati, na ingawa ni saa nzuri, macho yangu hayawezi kuacha kuifuata akrabu hiyo ya tatu inayohangaika juu ya uso uliochorwa kwa ajili ya kutuama.

Sasa tulitazame jibu. Genta alisimulia kwamba Nautilus aliichora kwa dakika tano katika mkahawa wakati wa maonyesho ya Basel, akiwatazama wakuu wa Patek Philippe wakila upande wa pili wa chumba. Iwe dakika ni tano au zaidi, wepesi unaonekana katika mistari. Pembenane ipo, lakini pembe zake zimevimbishwa kidogo kama tanga lililoshika upepo, mpaka mtu hajui kama anatazama pembenane iliyolainika au duara lililokakamaa. Vijiraba vya uso vimeondoka. Mahali pake pana mistari ya mlalo iliyonyooka kutoka upande hadi upande, kama maji yaliyotulia. Bolti nane hazionekani popote. Badala yake kasha limeota masikio mawili, kulia na kushoto, yaliyoigwa kutoka kwenye bawaba za dirisha la meli, na hayo masikio ndiyo yanayobeba kazi yote ya ufungaji: ukingo wa mbele umebanwa juu ya kasha kwa skrubu zilizopita ubavuni, ndani ya masikio, mahali ambapo mtazamaji wa mbele hafiki.

Huu ndio ufungo sitirifu katika ukamilifu wake, na unaafiki tabia ya nyumba iliyouagiza. Tangu mwaka 1996 Patek Philippe wamejinadi kwa wazo kwamba mwenye saa yao ni mtunzaji tu, anayeishika kwa niaba ya kizazi kitakachofuata. Kwa lugha yetu saa hiyo ni amana, na amana haitangazwi. Hufungwa, hutunzwa, hukabidhiwa. Umbo la Nautilus lilikuwa limelisema hilo miaka ishirini kabla ya tangazo. Audemars Piguet kwa upande wao, nyumba iliyoanzishwa mwaka 1875 katika bonde la Joux na ambayo bado iko mikononi mwa familia za waasisi, walisema kinyume chake: mafundi wa mlimani, ambao kazi yao ndiyo sifa yao, wameiweka kazi mbele ili aonaye aone.

Mgawanyo huo ungekuwa safi, na uhakiki ungeishia hapo, lau si ile mifuo isiyozunguka niliyoanza nayo. Ufungo wa Royal Oak ni dhahiri, lakini kinachodhihirishwa hakifungui. Kinachofungua kimefichwa mgongoni, kikiegemea ngozi ya mvaaji. Ufungo wa Nautilus umesitiriwa, lakini skrubu zake za ubavuni, mtu akizifikia, zinafanya kazi ile ile zinayoonekana kufanya. Saa inayoonyesha ina siri. Saa inayoficha ni mkweli. Hata majina yanaungana na mpinduko huu. Yote mawili ni ya majini, ingawa yametoka nchi isiyo na pwani: Nautilus ni jina la chombo cha chini ya bahari katika riwaya ya Jules Verne, na Royal Oak ni jina lililorithishwa manowari kadhaa za Uingereza. Manowari hizo ziliitwa kwa mwaloni ambao mfalme Charles II alijificha ndani ya matawi yake mwaka 1651, baada ya kushindwa vitani Worcester. Saa ya ufungo dhahiri imebeba jina la mti uliomsitiri mtu.

Nikitakiwa kuzipanga, Royal Oak naiweka mbele kama hoja na Nautilus naiweka mbele kama pumziko. Royal Oak ina mvutano usiokwisha kati ya duara na pembe, kati ya kazi na pambo, na kila inapotazamwa huanza mjadala upya. Nautilus imeumaliza mjadala kabla hatujafika. Kuna saa ambazo mtu hutaka kubishana nazo, na kuna saa ambazo mtu hutaka kukaa nazo, na hadhi za nyumba hizi mbili zimegawanyika kwenye mstari huo zaidi ya kwenye mstari wa bei, ijapokuwa mnada wa New York wa Desemba 2021, ambapo 5711 yenye uso wa buluu ya Tiffany iliuzwa kwa zaidi ya dola milioni 6, uliwafanya wengi wasahau kuitazama saa yenyewe.

Mwaka huo huo Patek Philippe waliikomesha 5711, na Thierry Stern, rais wa kampuni, akaeleza kwamba hataki saa moja itawale nyumba nzima. Audemars Piguet walikwishaamua zamani kuishi ndani ya utungo wao mmoja, na sehemu kubwa ya saa wanazotoa ni za ukoo wa Royal Oak. Mwaka 2022 nyumba zote mbili zilirudia kazi zao. Royal Oak ya kutimiza miaka 50 ilipata mashine mpya, 7121, iliyochukua nafasi ya ile 2121. Nje karibu kila kitu kilibaki mahali pake, milimita 39 zile zile, buluu ile ile, herufi mbili zile zile chini kabisa, kwenye kumi na mbili yetu. Nautilus mpya, 5811, ilirudi kwenye kasha la vipande viwili kama la mwaka 1976, na umbo likabaki karibu lilivyokuwa, ila maada ikabadilika: nyumba iliyojivunia kwamba moja ya saa ghali kuliko zote ulimwenguni ni ya chuma sasa iliitengeneza kwa dhahabu nyeupe. Ni maada ile ile ya vielelezo vya kwanza vya Royal Oak, vile vilivyosimama badala ya chuma kabla chuma hakijakubali kuchongeka. Ukiiweka 5811 kando ya 5711 mezani, kutoka ng'ambo ya chumba, utasita kusema ipi ni ya chuma. Mvaaji peke yake ndiye anayeijua, kwa uzito.